Ruta Iliyokamwa Jioni na Asubuhi

Kivuti alikuwa anakunywa chai Kanyakine, gunia la ruta mbovu za intaneti likiwa katikati ya miguu yake, aliposikia mwanamke akimhoji mwenye duka la simu jirani kama anayemshuku kwa wizi wa mtihani.

"Ikinyesha inashika? Stima ikipotea je? Watu kumi wakiingia pamoja? Unajua ama unakisia?"

"Mwalimu, hizo zote ni nzuri."

"Zote nzuri ni jibu la mtu asiyejua." Mwanamke akafunga daftari lake. "Kikundi chetu tuko wanawake ishirini. Tukinunua ruta, tunanunua ishirini. Na binti yangu Karimi ana usaili wa kazi ya uuguzi kesho saa nne, kwa video. Huko kwetu bondeni simu haishiki mpaka upande juu ya tangi la maji. Atafanyiwa usaili juu ya tangi?"

Ishirini! Kivuti aliacha mandazi nusu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya tangu azaliwe Ishiara.

Tuieleze biashara yake, maana ilikuwa biashara safi. Ruta zake alizitoa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Embu mjini. Alizing'arisha kwa mafuta ya kujipaka, akazibandika karatasi iliyoandikwa Mlima Turbo, akatia ndani betri ndogo na taa ya kijani. Kazi ya taa ilikuwa kupepesa tu. Intaneti yenyewe ilitoka kwenye simu iliyofichwa ndani ya koti lake, na hotspoti yake nayo iliitwa Mlima Turbo. Mteja anafungua video, video inakwenda kama maji, mteja analipa, Kivuti anaondoka na intaneti yake mfukoni. Aliuza hivyo Kibugu, na tangu siku hiyo Kibugu hakukanyagiki.

Saa tisa alasiri alikuwa sebuleni kwa mwanamke yule, Mwalimu Gladwell, taa ikipepesa juu ya kabati la vyombo.

"Haitaki waya, mama. Haitaki mlingoti. Inavuta yenyewe kutoka mlimani."

Karimi alijaribu video. Haikukwama hata mara moja. Laini ya Kivuti ilikuwa ya kampuni ambayo ni wachache sana Kanyakine waliojisumbua nayo, na kwa bahati ilishika bonde lile vizuri ajabu.

"Nimeona," alisema Mwalimu Gladwell. "Sasa tutaikama."

"Kuikama, mama?"

"Kwani kwenu mnanunua ng'ombe wa maziwa kwa kuangalia pembe? Anakamwa jioni ukiona, anakamwa asubuhi ukiona, ndipo unatoa pesa. Chumba cha wageni kina blanketi mbili. Karimi, mwongezee mgeni mukimo."

Kivuti alipiga hesabu ya haraka. Usiku mmoja, halafu malipo ya ruta ishirini kwa mkupuo, halafu asionekane tena upande huu wa mlima. Akala mukimo, ule mpondo wa viazi na mahindi.

Jioni kikundi kilifika. Kila mama alikuja na simu yake na ya mume. Waliingia kumi kumi kwa zamu. Huyu alishusha mahubiri ya mwaka mzima, yule alijaza fomu za mbolea, mwingine akamwonyesha dada yake aliye ng'ambo mbuzi wote, mmoja baada ya mwingine, kwa majina. Bando la Kivuti likakata roho kabla mbuzi hawajaisha. Alisema anaenda kunyoosha miguu, akanunua kadi ya kredo ya simu kwenye kibanda cha Munene hapo langoni, akaikwangua nyuma ya mgomba na kuitupa. Alinyoosha miguu mara nne. Nauli na mtaji wote wa mradi uliofuata vilikwisha hapo mgombani.

Kisha mukimo ukadai haki yake. Choo kilikuwa mwisho wa shamba, na Kivuti alipofunga mlango wake sebule nzima ilipiga ukemi.

"Imepotea!"

Aliporudi akikaza mkanda, ikashangilia.

"Imerudi!"

"Ni mawingu," Kivuti alieleza.

"Mawingu ya wapi?" aliuliza Mwalimu Gladwell.

"Ya... upande wa chini, mama."

Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari.

Asubuhi, kabla ya saa nne, alitoa amri jikoni: "Mgeni wetu asipewe chai mpaka Karimi amalize." Mjanja wa kweli angeshtuka. Kivuti aliona ni desturi ya nyumba. Alikaa nyuma ya ukuta wa sebule, koti limefungwa vifungo vyote, akisikiliza msichana akieleza jinsi ya kumhudumia mgonjwa wa moyo. Kwa dakika arobaini alilinda simu ile kuliko alivyowahi kulinda kitu cha halali. Sauti ya mzungu aliyekuwa akimsaili iliposema wamempa kazi, Kivuti ndiye aliyepiga makofi kwanza.

"Umetufaa, kijana wangu," alisema Mwalimu Gladwell. "Acha gunia hapo. Hii hapa bahasha."

Ilikuwa nene. Kabla hajaigusa vizuri wanawake walishikana mikono, wakaombea bahasha, mleta bahasha na safari ya mpokeaji. Baada ya maombi kama hayo mtu hawezi kufungua na kuanza kuhesabu. Ni kama kumdai Mungu risiti. Kivuti alisema amina na kupanda bodaboda.

Alivumilia mpaka ng'ambo ya daraja. "Simama kidogo," alimwambia mwenye bodaboda, akachana bahasha.

Ndani mlikuwa na kadi nne za kredo zilizokwanguliwa, bado zina udongo wa mgombani. Chini yake, kurasa kadhaa za daftari, zote tupu ila ya mwisho, iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu:

"Ikinyesha inashika? Hakukunyesha. Stima ikipotea? Tulizima wenyewe saa moja, ikashika. Watu kumi? Inaweza. Mwenyewe akienda chooni? Inamfuata. Kampuni: ya kadi hizi, Munene amethibitisha. Jumatatu tunanunua ruta zao halali, zenye risiti. Asante kwa kutujaribia bonde. Gunia lako liko kituo cha polisi. Tumewaambia utapitia."

Kivuti alisoma mara mbili. Mwenye bodaboda alikuwa ametoa simu yake na kuikodolea macho.

"Mkubwa, hapa naona waifai inaitwa Mlima Turbo. Ni yako? Nipe pasiwadi."

"Lipa kwanza," alisema Kivuti kwa mazoea.

Yule alicheka. "Lipa? Wacha kwanza nijaribu."