Kumwamsha Kijivu

Jumatatu, 9 Juni 1986

Ukungu tangu alfajiri. Ngano ya serikali huko chini haionekani, imefunikwa kama mtoto aliyelala. Mwanangu Patriki yuko humo na trekta lake. Simwoni. Namsikia tu, kama nyuki wa mbali.

Ndama alikufa jana kwa ndigana, ile homa ya kupe. Nimemchuna mwenyewe, ngozi nimeipaka chumvi na kuiwamba uani. Itanifunika mabega. Mimi situpi kitu.

Sasa mama yake, Kijivu, amebana maziwa. Kiwele kimejaa, nikigusa, teke! Leo kapiga kibuyu. Kibuyu cha marehemu mama yangu! Nimemtukana mpaka kuku wakaondoka.

Na Kijivu si wangu. Ni wa Gidabuday, mzee wa kule bondeni. Aliniwekesha siku trekta zilipolima malisho yake. Desturi ni hiyo: ng'ombe wake, ndama wake, maziwa na samadi vyangu. Jumapili anakuja kumwangalia. Akikuta kibuyu kikavu, atamhamishia kwa jirani, Letisia. Letisia ameshaanza kufagia zizi. Nimemwona. Anafagia huku anaimba!

Tangu mume wangu, mzee Margwe, afariki, pumzi ninayoisikia humu ndani usiku, kupitia ukuta wa zizi, ni ya Kijivu tu. Haondoki. Nimesema.

Jumanne, 10 Juni

Letisia kaja na ushauri. Eti niijaze nyasi ile ngozi ya ndama, niisimamishe mbele ya Kijivu, atanusa, atalegea, atatoa maziwa. Kana kwamba sijui! Nilijua hayo Letisia akiwa bado anakojoa kitandani. Lakini yameshatoka mdomoni mwake, basi hayafanyiki tena. Nikamwambia mimi sidanganyi ng'ombe. Akasema haya Mama Patriki, ila zizi langu lina nafasi.

Jioni kaja Nicodemo, mtoto wa kaka yangu, bwana mifugo. Shikamoo shangazi, marahaba. Nikampa chai ya rangi. Akaitazama, akainywa bila kuulizia maziwa. Ndiyo adabu, lakini imeniuma.

Nikamuuliza kuhusu Kijivu. Akaanza maneno ya chuoni, nikaona nisinzie. Sikusinzia. Alisema hivi: kila mnyama ana maagizo ndani ya mwili, ya kutengeneza mfupa, damu, nywele. Na maagizo ya ng'ombe, ya kuku, ya nyoka, ya mimi Imakulata, mengi ni yale yale, yametoka kwa babu mmoja wa zamani mno. Kinachotofautiana sana ni lipi lifunguliwe, wapi, lini, kwa muda gani. Twiga ana mifupa ya shingo idadi ile ile kama mimi, ila ya kwake iliachwa ikue na kukua. Kuku bado ana mengi ya maagizo ya meno, yamelala tu. Nyoka ana ya miguu, yamelala. Hata kiwele, wataalamu wanadhani asili yake ni vijishimo vya jasho. Mnyama fulani wa kale alitoa jasho, watoto wakalilamba, wakapona, na wajukuu wakazaliwa na mlango huo umefunguka zaidi.

Nikamwambia basi ni kama ghala. Mtama ni ule ule, huyu anapika ugali, yule anapika pombe, inategemea nani kafungua mlango saa ngapi. Akasema shangazi, umepata.

Nimepata! Sasa kwa nini nisimwamshe Kijivu?

Akasema maziwa ya Kijivu hayajalala, yapo, anayazuia tu. Lakini asipokamuliwa siku chache, mwili utaufunga huo mlango mpaka azae tena. Na mlango haufunguliwi kwa kelele, unafunguliwa kwa harufu, kwa kuguswa, kwa njaa, kwa mwanga. Hapo nilikuwa nimeacha kusikiliza.

Jumatano, 11 Juni

Debe na mwiko. Nimegonga karibu na kiwele tangu jua lichomoze. Aliyelala huamshwa kwa kelele, hata watoto wangu niliwaamsha hivyo.

Kijivu kavunja mlango wa zizi. Nimemkuta kwa Letisia. Kwenye zizi lililofagiliwa! Anakula majani ya mahindi ya Letisia! Mwenyewe akaniuliza kama kwangu kuna harusi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimebadilisha njia. Kama maagizo yametoka kwa mababu, waitwe mababu wenyewe. Nimemtajia Kijivu mama yake, bibi yake, mama wa bibi yake, kama Gidabuday alivyonihesabia alipomleta. Hapo majina yakaniishia. Nikaanza kuwabuni. Mchana ulikuwa wa joto kidogo, ngano imeiva, upepo ukipita inalala na kuamka, inalala na kuamka. Nikasinzia nimeegemea ua.

Nikaota wanyama wote wamepanga foleni kwenye ghala langu. Twiga, nyoka, kuku, Kijivu, mimi mwenyewe nikiwa msichana. Kila mmoja anapewa kapu lile lile. Nikamuuliza mgawaji mbona sawasawa? Akasema mtajuana huko mbele. Nyoka akaitazama miguu ndani ya kapu lake, akaifunika polepole, kama mtu anayefunika mtoto. Sikuogopa. Nikaamka na umande machoni.

Maziwa? Hakuna. Kiwele kimeanza kulegea. Nimeshika tena, ni kweli. Mlango unafungwa.

Jumamosi, 14 Juni

Baridi ya kuuma. Ukungu mpaka ndani ya zizi, sioni pembe za Kijivu. Nimejitupia ile ngozi ya ndama mabegani, ingawa haijakauka vizuri, inanuka. Nikakaa kwenye kigoda, nikamsema. Si kwa debe, kwa mdomo tu. Nikamwambia wewe ni mkaidi, na mimi ni mkaidi, lakini nyumba bila pumzi yako ni shimo.

Akageuza kichwa. Akanilamba bega. Akalamba tena, ulimi kama jiwe la kusagia, akiguna kwa chini, ile sauti ya ndani kabisa. Nikahisi nimekuwa mdogo. Mikono ikaenda yenyewe. Maziwa!!! Yakashuka moto moto, kibuyu kikaimba, ukungu ukanukia maziwa.

Kwa hiyo ni maneno. Nilijua. Nicodemo na chuo chake!

Jumapili, 15 Juni

Gidabuday kafika na fimbo yake. Letisia naye kaja, eti kusalimia. Nicodemo kapita kutoka kanisani. Nikavaa shuka langu jipya, ngozi nikaiacha uani, nani anampokea mgeni na uvundo?

Nikakaa, nikasema maneno yale yale. Teke!

Nikarudia kwa sauti. Teke! Gidabuday akatazama upande wa zizi la Letisia.

Nicodemo, niliyemsimulia yote ya jana, akaninong'oneza shangazi, vaa ngozi. Letisia akasikia, akacheka mpaka akashika ua: Mama Patriki, kumbe ndama ni wewe! Nikasema sivai. Kisha nikahisi baridi. Baridi ya kweli, mtu mzima ananielewa. Nikaivaa kwa ajili ya baridi.

Kijivu akanilamba mbele yao wote. Kibuyu kikajaa povu. Gidabuday akanywa, akafuta mdomo, akasema bondeni nyasi zote zimekuwa ngano, lakini huyu bado ana kwao. Akaondoka. Kijivu amebaki.

Usiku huu nasikia pumzi yake. Ndefu, ya taratibu, kama ngano.

Jumatatu, 16 Juni

Nicodemo amenieleza tena, polepole kama kwa mtoto: harufu ya ndama, harufu ndiyo iliyofungua, nivae ngozi kila nikikamua. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo. Kijana mzuri, ila haelewi ng'ombe. Jana Kijivu alisita kwa sababu ya wageni, basi. Ni mdomo wangu uliomwamsha.

Ngozi nimempa Letisia. Maskini, alitamani sana ng'ombe huyu, angalau apate cha kujifunikia. Ameipokea haraka mno. Amekimbia nayo moja kwa moja zizini kwake, akiimba.

Kesho nakamua na shuka jipya. Nikimaliza, naanza na jogoo. Ana meno humo ndani, nimeambiwa. Nimeshatafuta debe.