Kamati ya Kurahisisha Maelezo ya Toleo Jipya

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba kuanzia sasa kila mtumishi wa Kurugenzi yetu ataelewa kilichobadilika kwenye mfumo wa kompyuta, atake asitake. Kazi hiyo nimeiongoza mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kurahisisha Maelezo ya Toleo Jipya. Ikifana, Mkurugenzi aliniahidi unaibu, na mke wangu alishawaambia majirani.

Hali ilikuwa mbaya. Mfumo wetu ndio unaofungua milango, kupanga likizo na kuruhusu vifaa vitoke stoo. Kila mafundi wanapouboresha, hutoa maelezo ya toleo jipya. Maelezo hayo yalikuwa ya ovyo: mafupi, yanaanza moja kwa moja na kilichobadilika, hata salamu hakuna. Mtu alimaliza kusoma kabla chai haijapoa. Huo si utumishi.

Kamati ikajifungia hotelini, ikatoka na muundo mpya: mabadiliko yote yapangwe kwa itifaki. Lililoombwa na Mkurugenzi litangulie, hata kama ni rangi ya jina lake kwenye skrini. Wafuate wakuu wa idara, kila mmoja na picha yake na neno la shukrani. Mafundi, ambao kazi yao ni kujua tu kilichobadilika, tukawapa ukurasa wa mwisho.

Mama Stoo, mtunza vifaa wetu, mwanamke asiye na breki mdomoni, alinivamia ofisini.

"Mwenyekiti, nauliza kitu kimoja tu. Kile kitufe cha kutolea vifaa mmekipeleka wapi?"

"Anza na dibaji ya Mkurugenzi, mama."

"Baba wee! Watu wamejipanga mpaka nje, wewe unanipa dibaji?"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo," akanijibu, akaondoka huku akifunua kurasa za maelezo kuanzia nyuma, kama mtu asiyelelewa.

Nikaja kugundua watumishi wote wa chini wanasoma kuanzia nyuma. Nilikasirika, nikatoa onyo kali: asiwepo wa kumtangulia mkubwa, hata kwa kusoma. Sisi wakubwa tulisoma kistaarabu. Kila mmoja alifika kwenye picha yake, akaridhika, akafunga.

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi aligusisha kadi yake mlangoni. Mlango ukagoma. Wakuu wa idara wakajaribu, nami nikajaribu. Skrini ikatuandikia sote: "Hongera kwa kustaafu. Mapumziko mema." Pembeni yetu watumishi wa chini walikuwa wakiingia bila shida.

"Nyie! Kuna nini hapa?" Mkurugenzi akafoka.

"Kwani hamkusoma, mkubwa?" Mama Stoo akashangaa. "Ukurasa wa mwisho. Asiyebadilisha paswedi mpaka Jumapili, mfumo unamhesabu kastaafu. Sisi tulibadilisha zamani."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tuwatangulie wakubwa kusema? Na lile onyo?"

Niliumia, sitaficha. Unaibu niliuona ukiyeyuka. Tena mfumo hauachi kiti kitupu: ulikuwa umeshampandisha mwenye cheo cha juu kuliko wote waliobaki, naye ni Mama Stoo. Hadi saa ya chai, Kaimu Mkurugenzi huyo alishawaagiza mafundi watoe maelezo mapya: ukurasa mmoja, la muhimu juu, na kitufe cha kubonyeza chini yake.

Hakuwa na kinyongo. Alitutolea kompyuta ndogo pale mlangoni. "Someni kwanza, ndipo mbonyeze. Yako wazi."

Yalikuwa wazi kweli: "Uliyestaafu bila kukusudia, bonyeza hapa urudi kazini. Anayerudi anaanzia cheo cha chini kabisa: mapokezi."

Wakuu wa idara walisoma, wakaenda zao nyumbani kulala.

"Mimi huwa nasomewa," alisema Mkurugenzi, kidole kikiwa kimeshabonyeza. Nami nikabonyeza baada yake, kwa adabu.

Sasa tuko mapokezi, wawili. Kiti ni kimoja, na mpaka leo hatujaafikiana mkubwa ni nani.