Sura ya Mama Mkwe kwenye Sabuni

Jumatatu, 4 Novemba 1991

Nimeachana na picha za pasipoti! Mimi, Apolinary Machage, mpiga picha wa kujitegemea wa Musoma, mwenye kamera moja ya Zenit na baiskeli ya kuazima, leo nimepata mteja wa biashara. Karibu nimpate.

Ilikuwa hivi. Sina studio. Mikanda yangu ya picha naipeleka kwa Salum kusafishwa. Huyu Salum ana studio Barabara ya Mukendo na pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hajawahi kuyaona. Leo nimemkuta na mgeni, Mzee Hamduni, mfanyabiashara wa Bunda. Ameanza kutengeneza sabuni ya mche. Siku hizi biashara ni ruksa. Anataka kalenda ya mwaka mpya yenye picha ya kupendeza, na jicho lake limenasa kwenye picha yangu iliyoanikwa ikauke. Mama mmoja anaanika mashuka meupe juu ya ua wa minyaa. Nyuma yake mawe makubwa ya Butiama. Anacheka mpaka jino la mwisho.

Akauliza huyu ni nani. Nikasema ni mama mmoja wa Butiama. Ukweli mtupu! Hakuuliza ni mama wa nani.

Ni mama wa Dorkas, mke wangu. Yaani mama mkwe.

Nilimpiga picha siku ya harusi ya shemeji, nikiwa nimejificha nyuma ya ua ule ule. Kwetu mkwe hamkodolei macho mama mkwe. Hamsogelei hata kidogo. Lakini mimi sikumkodolea. Iliyomkodolea ni kamera.

Mzee Hamduni akataja bei ya pasipoti. Nikacheka kwa dharau ya kitaalamu. Nikamwambia kuna kampuni ya Mwanza inaniganda kwa picha hiyo. Kampuni yenyewe haipo. Nilitegemea apandishe bei. Badala yake akanipongeza, akamaliza soda yake, akaondoka zake kurudi Bunda.

Salum alicheka mpaka akamwaga dawa ya kusafishia.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeamka na wazo. Kampuni ya Mwanza imefilisika.

Nikamfuata Mzee Hamduni kwake Nyasura, Bunda. Alikuwa uani, anakoroga pipa la sabuni kwa mti mrefu kama kasia. Nikampa habari za Mwanza. Alisikitika kweli. Akauliza wale wafanyakazi sasa watakula nini. Nikasema wengi wamerudi kulima. Akasema Mungu atawafungulia mlango. Nikasema amina. Sijawahi kuwaonea watu huruma kiasi kile, na hawapo.

Tukaanza mapatano. Nikamwambia picha ya pasipoti inatazamwa na karani mmoja tu, tena kwa sekunde, tena kwa hasira. Hii itatazamwa na mkoa mzima. Kwa hiyo namuuzia ruhusa ya kalenda peke yake. Akitaka kuitumia kwingine, tunakaa tena.

Akaacha kukoroga.

"Kijana, nikinunua mbuzi kwako, utanifuata nyumbani kuniambia nimchome au nimchemshe?"

"Mbuzi analiwa mara moja, Mzee. Huyu wangu atakuzalia mwaka mzima."

Povu likapasuka puu! Nilijua nimempata. Sijui neno lile lilitoka wapi, sikuwa nimelipanga. Tukakubaliana bei ya heshima, nusu fedha, nusu sabuni. Kalenda ya mwaka 1992 tu. Jina langu chini ya picha. Negativu inabaki kwangu. Tukapeana mikono. Wake ukateleza. Nikadhani ni sabuni.

Nikiwa mlangoni akaniuliza kama yule mama ameridhia. Nikasema ni mtu wangu wa karibu sana. Amefurahi mno.

Nyumbani nimeingia na katoni kichwani kama mfalme. Dorkas alikuwa kwenye cherehani yake. Akachukua mche mmoja, akaunusa muda mrefu. Alikumbuka miaka ile ya foleni, tulipokuwa tunafulia majani ya mpapai. Akasema nina akili kuliko watu wanavyodhani. Sikuuliza ni watu gani. Usiku huu tumekula sato, siyo dagaa.

Jumamosi, 9 Novemba

Salum ni nyoka.

Nimempelekea negativu anichapie picha kubwa ya kalenda. Amechapa vizuri, sikatai. Kisha akadai fungu lake, na si la kazi ya leo. Anataka fungu la picha yenyewe! Eti dawa ni yake, karatasi ni yake, chumba cha giza ni chake, kwa hiyo mtoto ni wetu wote.

Nikamwambia mkunga hadai mtoto.

Akasema mkunga halipwi kwa ahadi tangu Pasaka.

Nikachukua picha yangu na negativu yangu nikaondoka bila kuaga. Akabaki anatabasamu. Sikupenda lile tabasamu.

Negativu nimeificha mahali ambapo mwizi hawezi kufikiria. Kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Wakati mwingine najishangaa.

Jumatano, 13 Novemba

Balaa! Balaa tupu!

Nimekwenda Bunda kupeleka picha. Bado niko mbali na duka la Mzee Hamduni nikaona mtu ananicheka kutoka ukutani. Mama mkwe. Mrefu kuliko mlango. Ameshika mche wa sabuni na amepakwa rangi ya mdomo. Fundi Makongoro, mchoraji wa vibao, bado alikuwa juu ya ngazi anamalizia sikio. Ndani ya duka, miche imefungwa kwenye karatasi mpya. Juu ya kila karatasi, mama mkwe. Rafu nzima ya mama mkwe.

Salum alimuuzia nakala. Alichapa mbili, yule nyoka!

Nikamvaa Mzee Hamduni. Nikamkumbusha kwamba tulisema kalenda peke yake. Akajibu kwa upole kabisa kwamba nakala ya Salum hakuipata kwangu, kwa hiyo masharti yangu hayaihusu. Nikasema na ukuta je? Akasema ukuta nao ni kama kalenda, maana utakaa mwaka mzima.

Na kusema kweli haki yangu ilikuwa imekwisha kunitoka kichwani. Niliyemfikiria ni mama mkwe. Watu wa Butiama wanakujaga Bunda kila mara. Wanauza, wananunua, wanapita palepale. Katika ukoo wa Dorkas, mkwe aliyemwaibisha mama mkwe huletewa barua ya kunyang'anywa mke. Hapana, hata barua hapati. Mke anafuatwa tu na kaka zake.

Nikangoja Mzee Hamduni aende kuswali adhuhuri. Nikampa Makongoro hela yote niliyokuwa nayo mfukoni, nikamwomba ambadilishe yule mama asifanane na mtu yeyote. Akafikiri. Akamchorea miwani.

Nikarudi nyuma hatua kadhaa kutazama. Alikuwa mama mkwe aliyefaulu kidato cha nne.

Nikamwomba aongeze kitu kingine. Akasema hela imekwisha kwenye miwani.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo Dorkas alitafuta kifungo cha shati la mtoto wa jirani.

Nilikuwa nakunywa chai. Nikamwona anainua kitu dirishani kwenye mwanga. Nikaweka kikombe chini.

"Baba Shida, huyu mama mwenye meno meusi ni nani?"

Nikasema ni mteja. Kwenye negativu watu wote hawajulikani, nikaeleza, ni mambo ya kitaalamu, cheusi kinakuwa cheupe. Akaigeuza huku na huku. Akasema mteja wangu amevaa khanga aliyomnunulia mama yake.

Nikaeleza yote. Harusi, ua, kalenda, Salum, ukuta. Miwani niliiacha kwanza. Hakupiga kelele. Ningelipa hata fedha apige kelele! Aliuliza neno moja tu.

"Mama alikubali?"

"Hakukataa."

Akatoa mguu kwenye cherehani. Akaenda kuitoa ile katoni uvunguni, akaiweka nje ya mlango. Kisha akasema Jumamosi tunakwenda Butiama, na nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu. Akaanza kukunja nguo za Shida, binti yetu. Nikamuuliza za nini, tutalala huko siku moja tu. Akasema mimi ndiye nitakayelala siku moja.

Nimekaa uani muda mrefu. Nimemfikiria yule mama. Siku ya harusi alifua mashuka ya wageni wote peke yake, na aliponiona kwa mbali alimtuma mtu aniletee kiti. Kiti hicho ndicho nilichokanyaga kupata picha juu ya ua.

Jumamosi, 16 Novemba

Niko hai. Nina mke. Naandika haya Mwitongo, hapa Butiama, kwa wakwe, tumbo limejaa ugali wa mtama na nyama.

Niandike kwa utaratibu.

Tumefika mchana. Baba mkwe, Mzee Keraryo, alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, uso kama jiwe la hapa hapa. Mama mkwe alikuwa ndani, mlango umeegeshwa. Ndivyo ilivyo desturi. Yeye anasema na mume wake, mume wake anasema na mimi, na wote tunasikia kila kitu mara mbili. Mama akasikika kutoka ndani:

"Muulize mkwe wako, anaijua Bunda?"

Mzee Keraryo akaniuliza kama naijua Bunda. Nikasema naijua kidogo.

"Mwambie juzi nimekwendaga kuuza karanga. Nimejikuta nimefika kabla yangu."

Nikapiga magoti. Hapo hapo kwenye vumbi. Nikaungama moja kwa moja bila kupumua, hata nilipofika kwenye miwani sikuiruka. Dorkas alikuwa ameshika khanga mdomoni. Nilidhani analia.

Halafu nikasikia kutoka ndani kicheko kile kile cha kwenye picha, sasa kina sauti.

Kumbe mama alikwisha kuimaliza kesi! Alipojiona ukutani alimwita Mzee Hamduni atoke nje, akamsimamisha pembeni ya ukuta, akaanza kuwauliza wapita njia kama wanaona wamefanana, yeye na yule wa ukutani. Watu wakajaa. Akawaambia huyu mzee anamfulisha kutwa kucha na hajampa hata maji. Mzee Hamduni akamwomba waingie ndani waongee kiungwana. Mama akagoma. Wakaongelea pale pale, mbele ya watu. Sasa atapata sabuni kila mwezi muda wote sura yake inauza, na fedha kila ukuta mpya ukichorwa. Akikataa ukuta, hauchorwi. Rangi ya mdomo ibaki, ameipenda.

"Mwambie sura ni yangu, lakini jicho lilikuwa lake. Nilimwambia yule mzee asiponilipia jicho la mkwe wangu, nafuta ukuta kwa kucha."

Mzee Keraryo alipoanza kunirudia maneno hayo nilikuwa nimekwisha kutokwa machozi. Mzee Hamduni atanilipa fedha ya karatasi za kufungia na ya ukuta. Mapatano yangu yote ya siku zile, mbuzi wa kuchoma na wa kuchemsha, mama ameyamaliza na karanga kichwani!

Kosa lipo. Nimetozwa mbuzi mmoja, na nitawapiga picha kikundi chote cha akina mama wa kanisa, bure, wakiwa wamejipanga wenyewe wanavyotaka. Pia nimeapa mbele ya wazee kwamba sitauza tena uso wa mtu bila kumuuliza mwenye uso. Nimeapa kwa sauti. Nimeapa nikiamini.

Mama alikuwa na neno la mwisho.

"Muulize, na miwani nayo ilikuwa ya nini?"

Nikasema nilitaka asijulikane. Akasema miwani itafutwa, inamzeesha.

Tulipokuwa tunakula, Dorkas alinisogezea finyango la nyama bila kunitazama. Nguo za Shida amezirudisha kwenye mfuko wetu mmoja. Nimelihesabu hilo kuwa ni msamaha. Ee Mungu, nimepumua! Sijawahi kupumua hivi tangu harusi yangu.

Jumatano, 20 Novemba

Musoma. Siku njema. Mambo yote shwari.

Nimemlipa Salum deni lake la tangu Pasaka. Alishtuka hata akasahau kuwa nyoka. Ameniomba radhi kuhusu ile nakala, nami nimempa kazi ya picha za akina mama wa kanisa. Dorkas anaimba kwenye cherehani.

Mzee Keraryo amekuja kupimwa macho hospitalini, amefikia kwetu. Nimemheshimu sana. Nimemnunulia soda, nimemwachia kitanda chetu. Baada ya chakula cha mchana amejinyoosha, na usingizi ukamchukua saa hiyo hiyo. Mikono kifuani. Uso umelainika kabisa. Mwanga wa dirishani unamwangukia upande mmoja, na ndevu zake nyeupe zinapanda na kushuka polepole. Sijawahi kuona mzee amelala kwa amani namna hii.

Sasa, Bernado wa pale sokoni ameshusha magodoro ya sponji kutoka Kenya. Jana alilalamika kwamba hana picha ya maana ya kubandika dukani.

Nimepiga picha sita. Tatu za karibu.

Kiapo changu nakikumbuka vizuri, neno kwa neno. Nilisema nitamuuliza mwenye uso. Nimesimama hapa kitandani tayari kabisa kumuuliza. Lakini mzee amelala, na kumwamsha mkwe usingizini ni utovu wa adabu.

Nakwenda kwa Bernado mara moja, nirudi kabla hajaamka.