Maji Yaliyoingia Bila Hodi

Burhani wa Tanga,
Nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya soko,
Yeoville, Johannesburg.
Februari 2017.

Kwa Ndugu Daktari Gaston,
Mkuu wa Watafiti wa Maji ya Chini ya Ardhi,
Ofisini kwenu, Midrand.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWAMBA WA YEOVILLE, NA OMBI LA KISIMA CHANGU KUACHWA WAZI

Ndugu Daktari,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu binti Jocelyne, mwanafunzi wako anayekuja kila mwezi kuchota maji yangu kwenye vichupa, ameniambia wewe ni mtu wa Lubumbashi. Nimeshukuru. Kiingereza changu nilijifunzia kwenye mitumba. Kinajua bei na matusi tu, na katika jambo hili vyote viwili havitoshi.

Mimi ni mzee wa darasa la tano. La sita lilikuwa limejaa. Ninaishi hapa na mke wangu Biubwa, tunalinda nyumba ya watu, na nyuma ya nyumba hiyo kuna kisima. Nilikikuta chini ya mabati na matairi mwaka ule wa ukame, mabomba ya jiji yalipokuwa yakikohoa upepo. Nikakifukua, nikakitilia pampu, nikavuta mpira mpaka getini, na tangu hapo mtaa unachota kwangu bure. Sasa mmeniletea karatasi kwamba maji yale hayafai, na kwamba mwisho wa mwezi mtakuja na mfuniko wa chuma mkizibe. Nimeisoma mara nyingi. Kila nikiisoma inazidi kunikosea adabu. Kwa hiyo, kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Rangi yenu. Baada ya mvua kubwa za Novemba watu wako walimwaga rangi ya kijani kwenye shimo la maji machafu la zile fleti za juu kilimani, ili waone kama itatokea kwangu. Sikuambiwa. (Biubwa anasema niliambiwa, tangazo lilibandikwa getini kwa Kiingereza na Kizulu. Ni kweli, na lilikuwa karatasi nzuri nene, ndiyo maana liliziba vizuri kioo cha dirisha kilichovunjika. Karatasi inayotaka kusomwa na mtu wa Tanga ije na lugha ya Tanga.) Basi Biubwa akaisuuza kanzu yangu ya Maulidi kwa maji ya kisima, jioni, taa ya uani imeungua. Asubuhi kanzu ikawa rangi ya ndimu changa. Nyingine sina, na Maulidi hayangojei mtu mmoja. Nikaenda nayo. Mzee mmoja wa Unguja akaniuliza kwa upole nimejiunga na twarika gani. Vijana hawakuwa na upole. Wakaniita Sheikh Roboti, maana roboti hapa ni taa za barabarani, na kila niliposimama wakapiga kelele, "Imewaka kijani, tupiteni!", na wakapita kweli, mpaka kwenye pilau nikawa wa mwisho.

Lakini simdai mtu kanzu. Ninacholalamikia ni kwamba ile rangi ilifika. Rangi yenye haya ingebaki huko huko ilikomwagwa.

2. Hodi. Jocelyne alichutama uani kwangu akanichorea jambo lote chini kwa kijiti. Kwamba kilima chetu ni jiwe gumu, halipitishi maji mwilini mwake, ila lina nyufa. Kwamba bomba la maji machafu la fleti zile limepasuka siku nyingi. Kwamba mvua ikinyesha inasukuma kila kitu kwenye nyufa, na nyufa zinateremka moja kwa moja mpaka kisimani kwangu. Ndugu Daktari, kwetu hata mkwe hupiga hodi. Hata mdai hupiga hodi, tena yeye hasa. Iweje maji ya chooni ya watu nisiowajua yaingie nyumbani kwangu kwa mlango wa chini, kimya kimya, miaka yote hii, na mimi nayakaribisha kwa ndoo?

Tena si watu wote nisiowajua. Ghorofa ya chini ya fleti zile kuna kanisa la Pasta Thierry, ambako watu hufunga kula na kukesha wakiomba. Kwa watu wanaofunga kiasi kile, ningetarajia mchango wao uwe mdogo. Nilipomkabili Pasta pale spaza, kiduka cha mtaani, alinishika mkono akasema, "Papa Burhani, Mungu anatuunganisha kwa njia Yake." Nikamwambia barabara ipo, ina lami, angeitumia hiyo.

3. Umri wa jiwe. Binti anasema mwamba huu una miaka karibu bilioni tatu. Mimi nina sabini na kitu na tayari najua kuchuja mambo: maneno ya wapangaji hayafiki kwa mwenye nyumba, maneno ya mwenye nyumba hayafiki kwa wapangaji. Sasa jiwe lenye umri ule limeshindwa kuchuja kinyesi? Mtu mzima hovyo. Na mimi nisilaumiwe kwa tabia ya jiwe nililolikuta.

4. Umri wa maji. Hapa ndipo elimu yenu ilipojikwaa, na nimewanasa. Nilimuuliza Jocelyne mvua inachukua muda gani kukijaza kisima upya. Akasema inategemea, mengine hufika kwa siku chache kupitia nyufa, na mengine yaliyo chini kabisa huenda yalinyesha miaka hamsini iliyopita. Sawa. Miaka hamsini iliyopita hapa walikuwa wanatawala makaburu, na mimi nilikuwa kijana Tanga nakimbizwa na wadai. Basi uchafu ule ni wa serikali iliyopita. Kaushitakini kwake. Na kama mtasema uchafu ni wa yale maji mapya, basi zibeni nusu ya juu tu, mniachie ya wazee yaliyo chini, ambayo hayana kosa.

5. Matokeo. Mmenipa karatasi yenye safu nyingi kuliko daftari la mchango wa harusi. Kuna chuma, kuna chumvi, kuna bakteria wa kinyesi, kuna kitu kinaitwa nitrati ambacho mmekizungushia duara jekundu. Nimetafuta dhahabu kutoka juu mpaka chini. Hakuna. Jiji zima limejengwa kwa dhahabu ya chini ya ardhi, watu wamekuja kutoka pembe zote kwa ajili yake, nami kati ya vyote vilivyoko chini nimegawiwa choo cha Pasta Thierry.

Halafu nasikia visima vya wenye majumba ya kuta ndefu huko Midrand vimepata alama nzuri. Binti anasema huko mawe ni ya aina nyingine, yamelika juu yakawa mchanga, nao unachuja maji kama kifumbu kinavyochuja tui. Wana mchanga, wana kuta, wana walinzi (nusu yao vijana wetu wa Kongo), na sasa wana alama pia. Naomba hesabu ifanywe upya kwa haki: chukueni nitrati yangu na nitrati ya Midrand, jumlisheni, gawanyeni kwa mbili. Mwalimu wetu alifanya hivyo mkaguzi alipokuja, na darasa zima tukafaulu, hata mimi.

6. Afya. Mnasema bakteria wanaleta tumbo. Ndugu Daktari, matumbo ya Yeoville yamevuka mipaka mitatu kwa basi na mmoja kwa miguu. Yamekula visivyo na jina vituoni Harare. Kijidudu cha hapa kilimani hakiyatishi, ndicho kinachopaswa kuyaogopa. Hata hivyo mimi ni msikivu: wanaoyanywa nimewaambia wachemshe, na wengine wengi hufulia tu na kumwagia vyooni, yaani wanayarudisha yalikotoka, jambo ambalo kwa hesabu yangu ni utunzaji wa mazingira.

Mnasema tena nitrati haiondoki kwa kuchemsha, inazidi kukolea, na kwamba mtoto mchanga akichanganyiwa nayo maziwa ya unga damu yake inashindwa kubeba hewa, anageuka bluu. Nimeelewa. Lakini katika nyumba hii mdogo kuliko wote ni Biubwa, ana miaka sitini na nane, na hajanyonya siku nyingi. Mnamlinda nani?

7. Hili ndilo kubwa, nimelichelewesha kwa makusudi ili uwe umeshakaa vizuri.

Nimekaa mtaa huu zaidi ya miaka ishirini. Kabla ya kisima, nilipokuwa napita watu walikuwa wanatazama kofia yangu tu, wengine wakidhani nauza miwani barabarani. Hakuna aliyejua jina langu. Watoto wangu wamezaa hapa hapa mjini, na wajukuu wakija wanaongea Kizulu wao kwa wao na simu zao. Mimi wananiinulia kidole gumba, "sharp, Babu," basi, mazungumzo yameisha. Tangu mpira ule ufike getini, kila siku wakati wa alasiri kuna foleni ya ndoo. Wakongo wananiita Papa Burhani. Bibi wa Kizulu wa nyumba ya pili ananiita Mkhulu, yaani babu, na kuniletea magwinya, maandazi ya kwao, Jumamosi. Vijana wa Tanga na Dar wananipa shikamoo tatu tatu kwa ndoo moja. Wanagombana mbele yangu ili niwaamue: nani ametangulia, mume wa nani ni mvivu, timu gani itashuka daraja. Nawaamua vibaya na wanarudi kesho. Biubwa husema, "Baba Mwanaasha, wewe siku hizi una baraza kuliko mfalme." Ananicheka, lakini kahawa ya foleni anaipika yeye.

Karatasi yenu ina safu ya nitrati, ina safu ya chuma, haina safu ya hilo. Mkikifunika kisima, mtakuwa mmenifunika na mimi.

Kwa sababu hizo naomba, kwa unyenyekevu wa mtu aliyevaa kanzu ya kijani hadharani, kwamba:

(a) nyufa zote za kilima cha Yeoville zizibwe kwa sementi kwa gharama ya ofisi yako; fundi ninaye, ni hodari, ameacha pombe;

(b) kama nyufa ni nyingi, wakazi wa fleti za juu waombwe kwenda haja mtaa mwingine majira ya mvua;

(c) kama watakataa, kilima kiinuliwe kidogo upande wangu ili maji yateremkie kwao, nao waonje ujirani;

(d) kama kilima nacho kitakataa, basi mwamba uandikiwe onyo la mwisho, nakala niletewe;

(e) na yote yakishindikana, lile neno "machafu" kwenye karatasi lifutwe, mwandike "maji yenye uzoefu," na mfuniko wenu mkamfunikie mwingine.

Sioni kama nimeomba makubwa. Ninyi ni watu wa sayansi, na sayansi, kama nilivyoiona ikichorwa kwa kijiti, inafutika kwa mguu.

Nisalimie wote hapo ofisini Midrand, wapima maji na wachora mawe. Msalimie mama watoto. Msalimie sana Jocelyne, umwambie Biubwa anauliza kwa nini mwezi uliopita aliondoka bila kula, vichupa havikimbii. Msalimie hata Pasta Thierry ukimkuta kwenye utafiti wako, maana sisi tumeshaunganishwa.

Wako mtiifu, niliye juu ya jiwe pamoja nawe,

Burhani wa Tanga
Mwenye Kisima

Nyongeza, na hii usimsomee mtu:

Ndugu Daktari, nisome vizuri hapa. Barua hiyo ya juu niliiandika wiki iliyopita; ikatae.

Jumapili asubuhi Shekinah, msusi wa saluni ya jirani, alikuja getini na mtoto mgongoni. Sikujua kama ameshajifungua; alikuwa kwa dada yake Joubert Park, amerudi juzi. Mkononi ana chupa ya kunyonyeshea, unga wa maziwa umeshatiwa ndani. Bomba la jiji lilikuwa limekauka tena. "Papa, nitilie kidogo tu, ana njaa." Nikaushika mpira. Nikamtazama yule mtoto, ana rangi nzuri kabisa. Nikasema pampu imekufa. "Eish, Papa, si naisikia inalia?" Nikazunguka nyuma nikaukata waya wake. Biubwa akatoka mbio, akampa maji ya chupa kutoka spaza.

Pampu iko chini ya kitanda changu. Kisima nimekifunika kwa mabati na matairi, kama nilivyokikuta. Siwezi kujua ni nani mwingine anachanganya nini nyumbani kwake.

Sasa shida. Wanakuja na ndoo, wanaona nimekaa tu getini, wanadhani uchoyo umeniingia uzeeni. Bibi wa Kizulu jana amepita bila kunisalimu. Nikiwaeleza nitrati wanasema, Papa, mbona mwaka jana hukuwa nayo. Kwa hiyo nijibu upesi, kwa ukali. Tumia karatasi yenye nembo, muhuri mkubwa, Kiingereza, Kizulu, Kiswahili na Kifaransa. Andika kwamba mzee huyu amepigana mpaka mwisho na ameshindwa. Ukipenda nitukane kidogo, wataamini zaidi. Nitaibandika getini, na hii haitaziba dirisha.

Na mfuniko usingoje mwisho wa mwezi. Mabati hayana kufuli, na mtaani kuna watu wanaojua kuomba. Neno "hapana" nimeliweza mara moja. La pili sijiamini.