Ombi la Kurudishiwa Kiti, Ingawa Naonekana Nimekaa

Kwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo, Mwalimu. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, tena kwenye kiti. Mimi ni yule mwanafunzi wa darasa la saba wa nyuma kabisa, karibu na kabati la ramani, ambaye wenzake humwita Kigoda. Naandika kwa heshima kueleza jinsi bidii ilivyoninyima kiti.

1. Kiti changu kilipovunjika mguu, mwalimu wa michezo alinishauri nifanye zoezi la kukaa ukutani mpaka kitengenezwe. Nililifanya kama alivyotufundisha: mgongo wote umegusa ukuta, mapaja yamelala sawa na sakafu, magoti yako juu ya vifundo vya miguu, uzito uko kwenye visigino, na mikono haishiki mapaja. Wenzangu huteleza na kuguna. Mimi nilitulia tuli, nikaandika imla. Hilo ndilo kosa langu.

2. Mkaguzi wa viti alichungulia mlangoni, akaona kila mtu amekaa, akaandika kwamba viti vinatosha. Niliponyoosha mkono nieleze, aliniambia nisijisumbue kusimama.

3. Fundi seremala naye alileta kiti changu kikiwa kizima. Alitazama huku na huku, hakumwona aliyesimama, akakipeleka ofisini kwako, ambako nasikia unakiwekea mkoba. Silalamikii mkoba, Mwalimu. Ni mzuri. Lakini hauna magoti.

4. Habari zilifika nyumbani. Mama alimpa shangazi kiti changu cha mezani, akisema huyu wetu hana haja nacho. Shangazi akaniwekea mtoto mapajani, kisha bakuli la mtoto, kisha redio. Kaka akanionya nisitikisike, stesheni itapotea. Bibi peke yake alinihurumia. Alisema mimi mjukuu wake nitachoka kukaa, niinuke kidogo nioshe vyombo.

5. Sasa mwalimu wa michezo ananitaja kama mfano, na wenye viti vizima wameanza kuona aibu. Tukiendelea hivi, shule nzima itahamia ukutani. Kuta za madarasa zikijaa, watu wataanza kutazama ofisi yako, yenye kuta nne na mtu mmoja. Nisingependa ufikiwe na maneno hayo.

Mtihani wa mwisho umekaribia, nami nataka sana kufaulu niende sekondari, maana nyumbani kwetu hakuna msichana aliyewahi kufika huko. Mtihani ni mrefu. Magoti yakianza kutetemeka, mwandiko huyafuata. Naomba kiti kimoja tu, hata cha miguu mitatu. Wa nne nitajazia mwenyewe.

Wasalimie walimu wote, mpishi, mlinzi wa getini, na fundi pia, sina kinyongo naye.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Kigoda

Nyongeza: Kabla sijaleta barua hii, kiti kimerudishwa. Asante sana. Nimekikalia kipindi cha hisabati, nikalala fofofo hadi kengele. Ukutani sijawahi kusinzia hata mara moja. Nilipoamka, nikakuta jirani yangu amechukua ukuta wangu, mgongo umepinda na mapaja yameinama kama paa. Inauma kutazama. Tafadhali, Mwalimu, mpe yeye kiti hiki leo hii, nami nirudishiwe ukuta kabla ya mtihani.