Kopo Langu la Vidonge na Siku Kumi Mlizoninyima

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali, na nakala kwa sista wa wodi ya wanaume, ambaye anajijua.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUACHISHWA DAWA NIKIWA BADO NAZIHITAJI, NA KOPO LANGU KUFUNGIWA KABATINI

Pokea heshima zangu. Mimi ni fundi cherehani wa kibanda cha kona karibu na stendi, mgonjwa wako wa kitanda namba saba, yule aliyepasuliwa kidole tumbo wiki tatu zilizopita. Nimepona. Nalisema hilo mapema usije ukadhani naandika kwa sababu ya maumivu. Naandika kwa hasira tupu.

Tena naandika mbio mbio. Dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama yetu afariki, amelala chumba cha nyuma ya kibanda, anaumwa tumbo tangu jana asubuhi. Maumivu yalianza kitovuni, leo yamehamia chini kuliani. Ametapika mara mbili na amekunja miguu, hataki kuinyoosha. Kuja kwenu amekataa katakata. Anasema dawa yake ni ile inayotoka mkononi mwangu, basi. Na dawa inayotoka mkononi mwangu, Mheshimiwa, ninyi mmeifungia. Kwa hiyo naomba malalamiko haya yasomwe leo, kabla hamjanywa chai.

1. Kuhusu kudhaniwa vibaya. Niliposukumwa kwenda kupasuliwa, nilipigwa sindano ya antibiotiki mshipani kabla sijaguswa na kisu. Nikauliza kulikoni. Daktari wa usingizi akanieleza kwa ulimi mtamu kwamba dawa inatakiwa iwe imeshaenea mwilini wakati kisu kinaingia. Sikubishana naye, maana nusu kaputi haina mjadala. Lakini nauliza leo nikiwa na akili zangu: mlijuaje kwamba tumbo langu ni chafu kabla ya kulifungua?

2. Kuhusu mshono. Hili si la dawa, ila mimi nikiwa mtu wa fani siwezi kulifumbia macho. Nimelipima kovu langu kwa tepu ya kazini. Nyuzi tano za juu zimelingana, mbili za chini zimepinda. Ningekuwa mimi ningefumua.

3. Kuhusu kutukaniwa vijidudu. Kidole tumbo changu kilikuwa kimepasuka, na ninyi mkauchukua usaha wangu bila kuniaga, mkaupeleka maabara kuoteshwa kama mbegu za mchicha. Baada ya siku mbili majibu yakasomwa mbele ya wodi nzima: kwamba vidonge vya rangi mbili nilivyokuwa nikimeza nyumbani kwa siku sita vijidudu vyangu havivijali hata kidogo, vimeshavizoea. Daktari akabadilisha dawa palepale. Mgonjwa wa kitanda namba tano alicheka hadi akashika mshono wake. Mheshimiwa, nimevimeza vidonge hivyo kwa miaka kumi na moja, kwa mafua, kwa jino, kwa uchovu wa msimu wa sare za shule. Kuambiwa leo kwamba nilikuwa nalisha wapangaji ni kunivunjia heshima.

4. Kuhusu siku nne. Hapa ndipo penye kiini. Mtu mzima, mwenye familia, aliyeoshwa usaha tumboni lita nzima, anapewa antibiotiki siku nne baada ya kupasuliwa, kisha anaambiwa imetosha! Daktari wenu wa upasuaji ana mkono wa birika. Nilimwambia dozi ya heshima ni siku kumi na nne, kila mtu anajua. Akavuta kiti, akaniambia kwamba kilichokuwa kinaniua kimeshatolewa na kuoshwa, homa imekwisha, uji unakaa, na kwamba siku za ziada hazitaniponya zaidi ya hapo, zitavifundisha tu vijidudu kuikwepa dawa. Nami nikamjibu kwamba sioni ubaya, elimu ni haki ya kila mtu. Hakucheka. Alinigusa bega, akaenda kitanda cha pili.

Na niwe mkweli, kwa kuwa barua hii ni rasmi. Hizo siku kumi zilizobaki sikukusudia kuzitumia mwenyewe. Ukoo wetu una utaratibu wake: mtu akipata nafuu siku ya pili anaacha dawa, na zilizobaki ananiletea mimi. Ndivyo kopo linavyojaa. Sasa ninyi mkianza kumpa mgonjwa dawa zinazomtosha tu, asibakize, sisi wengine tutaugua na nini mkononi?

5. Kuhusu fundi mwashi wa kitanda namba nane. Huyu alinitoa machozi. Kidole tumbo chake kilikutwa kimevimba tu, hakijapasuka, basi akapigwa ile sindano moja ya kabla ya kisu na baada ya hapo hakupewa kitu. Hata kidonge! Alikuwa amekaa anakula ndizi kama mtu asiye na ndugu. Huruma ikanishika. Kopo langu lilikuwa chini ya mto, nikamgawia vidonge vitatu vya njano, na vitatu vingine jioni. Kwamba kuanzia kesho yake alihamia chooni na sista akamtundikia dripu ya maji, hilo linaweza kumpata mtu yeyote.

6. Kuhusu kopo lenyewe. Ni kopo la vifungo, la bati, lina picha ya ua kwenye kifuniko. Sista alilikuta akitandika kitanda, akalipeleka kwa mfamasia, naye mfamasia akaniita, akamwaga vidonge vyote mezani na kuniuliza kila kimoja ni cha nini. Nilimweleza bila kusita. Nyekundu na nyeusi ni kuanzia kitovu kwenda juu. Njano ni kuanzia kitovu kwenda chini. Nyeupe ni kwa wageni. Mfamasia alishika kichwa. Nikadhani amevutiwa, kumbe ananyoosha mkono kuchukua ufunguo wa kabati. Tangu siku hiyo jamaa zangu, walionizoea kwa jina la Dokta, wananiita Fundi tu. Dada peke yake ndiye hajabadilika.

Kwa hayo yote naomba kopo lirudishwe leo hii likiwa limejaa kama lilivyokuwa. Siku zangu kumi zifungwe kwenye bahasha. Na sista aandike barua ya kuniomba radhi, kwa herufi kubwa kidogo, nipate kuibandika kibandani. Mkikawia, Mheshimiwa, na dada yangu akizidiwa, sitakuwa na wa kumlaumu isipokuwa ninyi.

Nisalimie daktari wa usingizi, na mama wa usafi aliyekuwa akinifungulia dirisha. Nisalimie wodi nzima, pamoja na yule wa kitanda namba tano, mshono wake upone ili acheke vizuri. Sista naye umsalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi, mwenye kopo,
Fundi wa kibanda cha kona.

Tanbihi: Nilipomaliza kuandika nilimsomea dada barua yote kwa sauti, ajue kwamba mdogo wake anampigania. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho. Kisha akaniuliza, “Mdogo wangu, katika yote hayo uliyosoma, kopo lako limemponya nani?”

Nilirudi kuanzia namba moja, nikitafuta. Nilisoma mara mbili. Hayupo, Mheshimiwa. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, jasho limemlowesha kanga, na nikatambua kwamba kopo lingekuwa hapa ningeshampa za njano tangu jana, naye angezimeza bila kuuliza, kwa sababu zimetoka kwangu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu chenu. Nikamwambia hata mimi simwamini tena huyo Dokta wa kopo, tuondoke, naye akanyoosha mkono nimwinue.

Mistari hii naiandika kwenye benchi la mapokezi. Ameshaingizwa ndani, na viatu vyake ninavyo mapajani. Yule daktari wa mkono wa birika amepita mbio kwenda huko, nami nimesimama kumpisha. Kopo litupeni. Sindano ya kabla ya kisu mpigeni upesi. Baada ya hapo mpeni siku nne, au moja, au msimpe kabisa, ninyi ndio mnaojua. Dawa pungufu nitaikubali. Dada yangu naomba nirudishiwe mzima.