Ulinzi wa Gauni la Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeteuliwa! Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, amepata nafasi kwenye maonyesho makubwa ya mavazi Jumamosi hii. Nguo kumi na mbili, dakika kumi, ukumbi mkubwa wa mjini. Ameniomba nikasaidie nyuma ya pazia. Maneno yake hasa: nikae karibu na mlango, niangalie mikoba ya watu. Yaani Mkuu wa Usalama.

Maelezo kidogo, kwa faida ya atakayesoma haya baada yangu. Mpwa wangu alishona miaka sita kwa mwanamke tunayemwita Madamu. Aliketi kwenye stuli isiyo na mgongo akibuni nguo, na Madamu akizibandika jina lake mwenyewe. Mwezi wa tatu aliondoka, akapanga chumba juu ya duka la mabomba na misumari. Jumamosi atakuja Mama Maduka, mwenye maduka manane ya nguo. Akizipenda nguo hizi, mpwa wangu ana kazi ya mwaka mzima. Asipozipenda, ni kurudi kwenye stuli. Madamu amekwisha kumpelekea salamu kwamba stuli bado haijakaliwa na mtu. Salamu gani hizo!

Nilisimamia mitihani miaka thelathini na mmoja. Mwizi wa majibu namjua kwa shingo. Haanzi kuchungulia karatasi ya jirani. Huanza kutazama dari, kama mtu anayemwomba Mungu. Nimemweleza mke wangu. Akasema hata yeye hutazama dari akijaribu kukumbuka alipoweka miwani. Nimeliweka akilini.

Jumanne, 5 Agosti

Chumba cha kazi. Cherehani mbili, meza ndefu, reli ya nguo, kioo chenye ufa. Na mtu mmoja nisiyempenda.

Ni mpiga pasi. Wote wanamwita Pasi. Kijana wa miaka thelathini hivi, mkimya, anaimba kwa pua. Alinipa shikamoo safi kabisa, ya mtu aliyejiandaa. Kisha nikaona: kila nguo ikifika mezani kwake, anatoa kidaftari mfukoni, anaandika, anakirudisha. Halafu anatazama dari!

Nilimuuliza kwa upole anaandika nini. Akasema ni mambo ya kazi tu, mzee. Wasimamizi wenzangu wa zamani wangecheka. Hakuna aliyewahi kukamatwa na kikaratasi akasema ni mambo ya wizi.

Nilimvuta mpwa wangu pembeni nikamweleza. Alikuwa na pini sita mdomoni, kwa hiyo sina hakika alijibu nini, ila ilisikika kama anataka nimwache mwenzake. Baada ya kuzitoa pini alinieleza pia habari ndefu kuhusu gauni la kumi na mbili, lile la mwisho, la hariri, ambalo Mama Maduka aliona picha yake na ndilo hasa linalomleta. Lina marinda themanini kuanzia kiunoni hadi sakafuni, na kuna uzi mweupe, na uzi huo una kazi yake. Sikufuata yote. Nilikuwa namtazama Pasi shingo.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa kwanza: kusoma kidaftari. Nilimwambia Pasi kuna joto, avue shati nimshikie. Akashukuru, akavua, akabaki na fulana, akahamishia kidaftari mfuko wa suruali. Mjanja!

Mpango wa pili: nilisimama nyuma yake huku nikisifu kazi. Alibonyeza pasi, mvuke ukapanda, miwani yangu yote ikawa nyeupe. Lakini kabla ya mvuke niliona ukurasa mmoja. Mchoro! Gauni la kumi na mbili, lote, na marinda yake, na vialama vidogo vidogo kila mahali.

Nikashuka ngazi nipate hewa. Saa kumi Pasi naye akashuka. Nikajificha nyuma ya mabomba ya duka la chini, nikijifanya mteja. Ng'ambo ya barabara gari la Madamu lilikuwa limesimama. Pasi akalifikia, akampa kitu kwa mkono, wakaongea kidogo, akarudi. Uso wake haukuonyesha lolote. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Muuza duka akaniuliza nataka bomba la inchi ngapi. Nimenunua kiwiko cha bomba. Sina pa kukitia.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi ukumbini. Anayetawala nyuma ya pazia ni mwanamke mfupi mwenye visikilizio masikioni, sauti yake kama kengele ya shule. Wanamwita Kamanda. Tangu asubuhi alikuwa na neno moja: twendeni, twendeni.

Mimi nilitaka kusikiliza bila kuonekana. Nikaingia katikati ya reli ya nguo, baina ya koti la nne na gauni la tano, nikatulia. Mahali pazuri sana. Panasikika kila kitu. Pasi alikuwa akimwambia mpwa wangu kwamba siku yenyewe yeye ndiye atakayelishughulikia la kumi na mbili dakika ya mwisho, mtu mwingine asiliguse. Mtu mwingine asiliguse! Mpwa wangu akakubali, maskini, na akacheka.

Mara reli ikaanza kwenda. Reli hizi zina magurudumu. Jambo hilo sikulizingatia. Ikabidi nami nitembee, kwa hatua za pembeni kama kaa, ukumbi mzima, hadi jukwaani. Kamanda akatenganisha nguo kwa mikono miwili, akanikuta. Akasema shikamoo mzee, tena kwa adabu kabisa, kisha akasema toka.

Warembo wa kuonyesha nguo walicheka hadi mmoja akakalia kofia. Pasi hakucheka. Alinishika mkono kunitoa, akaniuliza kama nimeumia. Watu wa namna hiyo ndio hatari.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemuuliza mpwa wangu moja kwa moja: Pasi alifanya kazi wapi kabla? Akasema kwa Madamu, Mjomba, miaka minne, si unajua? Sikujua! Nikamwambia nilichokiona kando ya gari. Akasema alikuwa anarudisha ufunguo wa karakana, maana ameacha kule aje huku. Akaongeza kwamba Pasi ndiye mtu pekee mjini anayeweza kunyoosha hariri ile bila kuiunguza, na kwamba yeye mwenyewe amelala saa tatu tu tangu Jumapili, na kwamba ananipenda sana, lakini tafadhali.

Tafadhali nini, hakumaliza.

Ufunguo. Mtu anarudisha ufunguo akishatengeneza mwingine. Nimeshona mara mbili tatu kwenye kitambaa chakavu, kujizoeza. Sijui kwa nini. Mlinzi hujiandaa kwa lolote.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku yenyewe. Naandika nikiwa nyumbani, kwa utulivu, kwa sababu mambo yameongelewa vibaya na ni haki pawe na maelezo sahihi.

Nguo kumi na moja zilikwenda vizuri. Niliangalia mikoba. Hakuna mkoba uliopotea. Hilo hakuna aliyelitaja. Kutoka mlangoni nilimwona Mama Maduka safu ya mbele, miwani ya kamba, kalamu mkononi. Madamu, ambaye nguo zake zilionyeshwa kabla ya zetu, safu ya tatu, akitabasamu kama mtu aliyekuja kuchukua chake.

Kisha nikageuka. Mrembo wa mwisho amekwisha kuvaa gauni la kumi na mbili. Pasi amepiga magoti nyuma yake, mkasi mdogo mkononi, anachomoa nyuzi! Nyuzi nyeupe, ndefu, moja baada ya nyingine, anaziweka begani. Kazi ya mpwa wangu, miezi mitatu, inafumuliwa mbele ya macho yangu! Na amekwisha kufumua nusu ya mbele.

Sikupiga kelele. Msimamizi mzuri hapigi kelele, watahiniwa wengine watashtuka. Nilimwendea Pasi, nikamwambia Kamanda anamwita kule upande wa taa, haraka. Akaruka. Bado dakika mbili.

Sasa niseme kuhusu uzi wangu. Ni uzi wa katani, wa kufungia mafungu ya karatasi za majibu. Nilistaafu nao kibunda kizima. Haujawahi kukatika. Nikatunga sindano kubwa, nikashika marinda manne manne, nikayashona chini, kuzunguka, imara, na kila mshono nikaufunga fundo la mtihani, ambalo lina mizunguko mitatu na halifunguki bila mashahidi wawili. Mrembo aliuliza, babu, una hakika? Nikamwambia, mjukuu wangu, simama wima. Hata zile sehemu ambazo Pasi hakuwa amezifikia nilizikaza. Kamanda akasema twendeni. Mrembo akaenda.

Akaenda kama mtu aliyefungwa magunia miguuni. Hatua ndogo. Ndogo. Ndogo. Alipofika katikati ya jukwaa akasimama, hawezi mbele wala nyuma. Muziki unaendelea. Safu ya tatu nikasikia mtu akisema "Ah, jamani!" kwa furaha isiyofichika.

Mpwa wangu alikuwa kando yangu. Alitazama jukwaa, akatazama sindano mkononi mwangu, akaketi juu ya kapu la viatu. Ningependelea anifokee.

Nitasema ukweli, maana shajara ni ya ukweli: hapo niliusahau ulinzi. Nilimwona akiwa kwenye stuli ile. Nilimwona mama yake.

Ndipo Pasi akapita katikati yetu. Fulana, kandambili, nyuzi nyeupe bado ziko begani. Akapanda jukwaani mbele ya watu mia nne, akapiga magoti, akaanza kukata katani. Alimzunguka yule mrembo kwa magoti, fundo baada ya fundo, hana haraka wala aibu. Nilipima kwa saa yangu, kwa mazoea: dakika moja na sekunde kumi. Watu walicheka, kisha wakaacha. Alipokata fundo la mwisho akamwashiria mrembo kwa kichwa, endelea. Naye akachukua hatua, na marinda themanini yakafunguka yote kwa pamoja, yakafunga, yakafunguka. Sijui mavazi. Lakini niliweka sindano mfukoni.

Baadaye Mama Maduka alikuja nyuma. Akaliomba gauni, akaligeuza nje ndani, akatazama mishono muda mrefu. Akamwambia mpwa wangu kwamba hakudanganyika, ile ilikuwa ajali na ajali mbaya, lakini marinda yaliyofungwa kwa kamba ya kufungia ng'ombe yakafunguliwa na bado yakaanguka vile, hayo ameyaona leo tu. Atampelekea barua. Anataka la nne, la saba, na la kumi na mbili, na anataka huyu bwana wa fulana awemo kwenye mkataba. Kisha akauliza mafundo yale ni ya nani. Watu wote wakanigeukia. Nilimwambia ni ya mtu ambaye hataki kutajwa.

Maelezo niliyopewa njiani, na Pasi mwenyewe, polepole, kama ananifundisha mimi: uzi mweupe ni wa muda tu. Hushika marinda yasivurugike safarini, nao hutolewa mrembo anapokaribia kupanda jukwaani. Ule mchoro ulikuwa wa kukumbuka kila uzi ulipo, asisahau hata mmoja. Nikamshukuru. Mke wangu, aliyekaa safu ya nyuma na kuona yote, amesema nilimlinda mtoto wa watu hadi nikamfunga miguu. Amesema mengine pia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala nikiliwaza jambo hili, na asubuhi nimeliona wazi. Nani amefaidika? Pasi! Jana alikuwa mpiga pasi, leo yumo kwenye mkataba. Mtu anayejua kwamba mzee mwangalifu yupo mlangoni, anajua pia kwamba mzee huyo akiona nyuzi zinachomolewa atachukua hatua. Alinitumia. Nampa maksi zake.

Barua imeletwa na dereva saa tatu. Mpwa wangu alikuja nayo hapa mbio, akamsomea mke wangu jikoni, wakakumbatiana, wakalia. Anatakiwa atie sahihi na kuifikisha ofisini kwa Mama Maduka kesho kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine aliyeonyesha jana. Sikuhitaji kuuliza mwingine huyo ni nani. Kisha Pasi naye akafika, eti kuja kupongeza, na akaiweka barua juu ya kabati la vyombo kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akatazama dari.

Nilingoja waende uani kupiga picha. Nimeitia barua mahali ambapo Pasi hawezi kufika, wala Madamu, wala binadamu yeyote. Sipaandiki hapa.

Tangu saa nane wanaitafuta. Mke wangu ameinua magodoro. Pasi amelala kifudifudi anamulika chini ya kabati. Anaigiza vizuri mno. Mpwa wangu ameketi sakafuni kati ya sufuria, macho mekundu, anarudia kwamba ilikuwa hapa, ilikuwa hapa. Moyo umeniuma. Lakini nikimwambia, uso wake utatoa siri. Kwa hiyo nami natafuta, kwa bidii kuliko wote. Nimekwisha kulitoa zulia nje mara mbili.

Ni subira tu. Kesho saa saba mchana, hatari ikiwa imepita, nitamkabidhi mkononi.